Shamba la Kivumbasi Nampa Gladness

Nisogezeeni mto nikae vizuri, na hiyo redio izimeni. Padri ameshanipaka mafuta yake matakatifu, sasa na mimi nataja habari za mafuta yangu, na asinikatize mtu, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kubishana.

Sikilizeni, wanangu. Kihamba hiki cha migomba na kahawa, pamoja na nyumba, ni cha Fabian, kitinda mimba wangu, kama mila yetu inavyotaka. Lakini lile shamba la kivumbasi juu ya mfereji, na pipa la kuvukizia majani, nampa Gladness. Ndiyo, Fabian, umenisikia. Najua unataka kuking'oa upande parachichi, na najua wajomba zako wamekwambia binti haachiwi ardhi. Baba yako ni mimi, si wao.

Mnakumbuka mavuno ya kwanza? Sisi watu wa kahawa tulijua kila kitu huanikwa juani, basi mimi na Fabian tukakitandaza kivumbasi kwenye vichanja vya kahawa, kijiji kizima kikanukia, tukajiona mabingwa, na tulipokivukiza hatukupata hata tone, mafuta yote yalishakwenda na jua. Gladness ndiye aliyesema nguvu ya jani hili imo katika harufu yake, ndiyo inayomfukuza mbu. Akakianika kivulini, darini tunakoivishia ndizi, akakivukiza kingali laini, mafuta yakaelea juu ya maji, nikayanusa nikalia mbele yenu. Leo wakulima wa mpunga kule Mabogini hujipaka kabla ya kwenda kugeuza maji mashambani, na watu wa chuo waliyajaribu wakakuta mbu wanakataa kutua. Nimelima kahawa tangu ujana, lakini sijawahi kutembea kifua mbele kama siku ile sokoni Kwa Sadala, nilipomsikia mtu asiyenijua akiyasifu.

Gladness, mama, usivimbe kichwa. Yachanganye siku zote na mafuta ya alizeti, maana yakiwa matupu yanachoma ngozi. Mtoto mchanga asipakwe. Atakayekuuliza kama yanatibu malaria mwambie hapana, aende hospitali, na usiuze uongo kwa jina langu.

Fabian, baba, sikunyang'anyi kitu. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni mvua ilipokata barabara, na najivuna kukuzaa. Ndiyo maana nakuomba wewe, si mwingine. Mpaka wa shamba kwetu huwekwa kwa miche ya masale, na aliyeyapanda kwa mkono wake hayang'oi. Hayo hapo mlangoni, nimeagiza yakatwe. Nenda kayapande kati ya shamba lako na la dada yako, sasa hivi, ningali nasikia.

Ametoka? Usimfuate, Gladness, mwache. Sogea nikutemee mate ya baraka... na mdogo wako akirudi, naye aje. Nizikeni migombani, kando ya mama yenu. Msigombane juu ya kaburi langu. Ruwa, Mungu wetu, awalinde... awape watoto... fungua dirisha, mama.

Sauti ile ni ya jembe. Fabian anachimba.