Mikono Uwanjani

Basi la posta lilikuwa likiteremka mlimani na sisi abiria kwenda kwenye mazishi ya Wakili Balz Rhyner, aliyeliongoza jimbo letu miaka kumi na miwili. Mbele yangu alikaa mzee mwenye tai nyeusi, na kando yake mama aliyevaa koti jekundu. Kwa mazishi!

"Alikuwa mtu wa watu," mzee akaanza. "Kesi za wajane hakutoza hata senti."

"Na hospitali ya bonde letu akaifunga."

"Si yeye, mama. Tulipiga kura wenyewe, wananchi wote pale uwanjani, mikono juu, kama miaka yote."

"Nani aliihesabu? Si yeye aliyekadiria kwa macho tu? Alitazama mara mbili akasita, mara ya tatu akatangaza kuwa wanaotaka ifungwe ndio wengi. Miezi minne baadaye binti yangu alivuja damu ndani ya gari la wagonjwa, mjini bado nusu saa. Akafa yeye na mtoto tumboni."

Mzee akavua kofia. "Pole sana, mama. Lakini macho ya binadamu…"

"Yangu yaliona. Ulisimama karibu na kisima. Ukatazama kulia, ukatazama kushoto, ndipo ukanyoosha mkono ifungwe. Jina lako silijui, baba. Mkono wako naujua."

Mzee akauficha mkono chini ya kofia. Nami nikatia yangu mifukoni, maana siku ile nilisimama nyuma yake, nikanyoosha kwa sababu yeye kanyoosha.

Kanisa likaonekana. Kitufe cha kusimamisha basi kiko juu ya dirisha. Hakuna aliyenyanyua mkono. Dereva alisimama mwenyewe.