Kiti cha Arobaini

Mheshimiwa Mkuu wa Baraza la Mji, maana cheo cha mwenyekiti tulishakifuta na sababu mnaijua, waheshimiwa madiwani, mafundi wenzangu wa karakana ya useremala, ndugu wageni waalikwa, na ninyi thelathini na tisa mliowahi kuwa viti, ambao leo mmepewa mikeka ya mbele kabisa: hamjambo?

Niliandika hotuba ya kufunga karakana. Kurasa nne, nimezipiga pasi kabisa. Lakini jambo lililotokea leo saa tatu asubuhi limeziharibu zote, kwa hiyo mtanivumilia nikijikwaa.

Wageni mliotoka mbali mnatushangaa. Mji mzima hauna kiti! Ofisini tunakaa kwenye saruji, nyumbani mkekani, na kinyozi wetu ananyoa watu wamesimama. Ndugu zangu, mtu aliyewahi kuambiwa kwamba kiti alichokalia ni shemeji yake, hatakaa tena kwa raha.

Tulitawaliwa na mchawi. Tulimwita Mtukufu. Aliyemkosea aligeuzwa kiti kwa neno moja tu, akapelekwa ikulu, na wageni wakamkalia wakinywa chai. Mama yangu alikuwa muuguzi. Siku hiyo alitoka zamu ndefu, miguu imevimba, msafara ukapita, watu wote wakasimama, yeye akabaki amekaa kwenye ngazi za zahanati. Mtukufu akashuka garini, akamwambia, "Unapenda kukaa, siyo? Basi utakaliwa." Nilikuwa na miaka tisa, nimeshika mkoba wake. Akamfanya kiti chake mwenyewe cha enzi, na akamkalia miaka tisa.

Ni nini kilichomwangusha? Si jeshi, wala si sisi. Asubuhi moja aliketi, akahisi kiti kina joto. Akaweka kiganja kwenye egemeo, akasikia moyo unadunda. Aliniambia mwenyewe: "Nilijaribu kutosikia kwa wiki nzima. Nikashindwa." Akafungua lango la ikulu, akaja karakana kwetu kwa miguu, nyuma yake mkokoteni umejaa viti.

Lililofungwa kwa neno halikufunguka kwa neno. Alijaribu mbele yetu mpaka sauti ikamkauka. Lilifunguka kwa msasa tu, na kwa mkono wake tu, miezi mitano au sita kwa kiti kimoja. Na kila mtu aliporudi, sehemu ya mwili wake yeye iligeuka mbao. Kwanza ukucha, kisha kidole. Tukaacha kumwita Mtukufu, tukamwita Mzee Msasa.

Nilimchukia, nisiwadanganye. Nilimpa msasa uliokwisha meno, nikamwekea benchi pale panapovuja. Nikamwambia aanze na mama yangu. Akakataa. "Binti, ukimpata mama yako utanifukuza, na hawa thelathini na tisa watabaki mbao." Nilimtukana matusi ambayo hapa siwezi kuyarudia mbele ya madiwani. Lakini alisema kweli. Ningemfukuza siku hiyo hiyo.

Na sisi mafundi tulikosea pia. Kiti cha tatu, kwa uzoefu wetu wa kazi, tulikipaka vanishi kabla hajakimaliza, ili kipendeze. Fundi cherehani, simama kidogo watu wakuone. Mnamwona anavyong'aa? Miaka kumi na saba sasa, mvua inamteleza. Mkewe anasema angalau hahitaji mafuta ya kujipaka. Asante, kaa.

Miaka kumi na tisa ikapita hivyo. Kufikia kiti cha arobaini, Mzee Msasa alikuwa mbao hadi kifuani, anashika msasa kwa vifundo vya mikono. Nilimwambia, "Mzee, pumzika, ukimaliza hiki umekwisha." Akanijibu, "Mama yako naye hakupumzika."

Leo saa tatu asubuhi, kidole cha mwisho cha mguu wa mama kikapata rangi. Akavuta pumzi. Akasimama mbele yangu na sare yake ya uuguzi, ana miaka thelathini kama alivyoondoka. Mimi nina thelathini na saba. Akanitazama, hakunijua, akasema kwa adabu, "Shikamoo, dada."

Niitikieje, ndugu zangu? Mtu anaitikiaje shikamoo ya mama yake? Nilimshika mikono tu, nikalia kama mtoto.

Nyuma yetu mbao ilikuwa inampanda Mzee Msasa shingoni. Akawahi kusema, "Mniweke mlangoni mwa zahanati. Wakae waliochoka." Kisha akawa kiti. Kiti kizuri, lazima niseme, kazi safi.

Nikaanza kumweleza mama huyu ni nani. Akanikatiza. "Usinitajie. Uzito wake naujua." Nikamsogezea kiti hicho hicho, akae. Akakataa katakata: "Mimi sikalii mtu." Akaketi sakafuni, akaokota kipande cha msasa, akaanza kukisugua. Nikamuuliza, "Mama, umemsamehe?" Akasema, "Sijamsamehe. Nataka awe na mdomo, aniombe radhi nimsikie. Nikikataa, nikatae mbele ya uso wake."

Tulijua msasa hautii mkono mwingine ila wa aliyetenda. Nami nilijaribu hapo hapo. Nilipata unga wa mbao tu. Lakini kabla sijatoka kuja kwenu nimeona kwa macho yangu mawili: chini ya mkono wa mama yangu, kwenye ncha ya mkono wa kiti, pametokea ukucha. Mwekundu, hai.

Kwa hiyo sifungi karakana. Mkono wangu haufai, wa diwani haufai. Inaonekana unaofaa ni wa aliyekaliwa. Ndugu zangu thelathini na tisa, simlazimishi mtu. Mna haki ya kurudi nyumbani kwenu na kumwacha pale alipo, na atakayewasema vibaya aje aseme mbele yangu. Nawaambia tu kwamba mama ameanza peke yake, na ametoka mbaoni leo asubuhi, hana nguvu.

Tulieni kidogo. Mnasikia? Kwaru, kwaru, nyuma ya ukuta huu. Ni yeye huyo.

Nawashukuruni nyote kwa masikio yenu. Kesho tunafungua saa mbili, kama kawaida... Fundi cherehani, mbona umesimama tena? Mlango wa karakana ni huo, kushoto kwako. Msasa uko juu ya benchi, chukua ule mpya.