Jina Kwenye Kona ya Chini

Ndugu, majirani na mafundi wenzetu, marehemu tunayemsindikiza leo, ambaye mtaa mzima ulimwita Herufi, alizaliwa tarehe 3 Februari 1961, chumba cha nyuma cha duka la rangi, akiwa kitinda mimba wa watoto watano, na kidole cha kwanza alichonyonya, mama alituambia, kilikuwa chekundu kwa rangi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, akafukuzwa mara mbili kwa kuchora kuta, kisha akashikishwa brashi na kaka yake, fundi wa mabango asiye na mpinzani hadi leo, ndiye huyu anayewasomea. Ng'ombe ambaye Herufi alimchora kwenye bango la muuza nyama mwaka 1982, mbwa walimbwekea siku tatu, anayebisha akaulize.

Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na mshonaji wa mapazia, wakajaliwa binti na mvulana, lakini siku ile ile, wageni wakiwa bado wanatafuna, bwana harusi alikutwa juu ya ngazi akimalizia bango la duka la dawa, maana alishaapa kwamba kila duka la mtaa huu litabeba jina lake.

Fundi wa mabango huweka jina lake dogo kwenye kona ya chini, hiyo ndiyo heshima yake, na mwaka 1991, kaka yake alipolazwa miezi mitatu kwa kuvunjika mguu, Herufi alipita duka kwa duka, akafuta jina la kaka mara kumi na tisa, akaandika lake. Alipoulizwa alijibu kwamba mtaa mmoja hautoshi mafundi wawili, na ndugu wa tumbo moja wakanuniana miaka thelathini. Watoto walizoea kumsalimia baba yao kwa kuinua shingo, mkewe akachoka kuongea na mgongo, mwaka 2010 akahamia kwa binti, naye Herufi akaushinda mtaa mzima, akabaki na ngazi.

Januari 2021 kiharusi kiliuchukua mkono wa kulia. Tarehe 14 Machi aliazima wembe kwa kinyozi, akakaa chini ya bango la hapo, moja ya yale kumi na tisa, akalikwangua jina lake kwa mkono wa kushoto asubuhi nzima, hadi kinyozi akampigia simu kaka, aliyefika mbio na kumwambia hata kukwangua hajui, naye akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki, akasema, kaka, andika lako, mimi nashika kopo. Jamani, tulivyochapa kazi! Duka la tatu mkewe alituletea chai, akakaa.

Alifariki tarehe 2 Aprili, hospitalini, mkewe na wanawe wakiwa kando ya kitanda chake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi wenzetu, na kinyozi kwa wembe wake.

Mdogo wangu, tuliishia duka la saba, yale kumi na mawili nimeyaacha na jina lako. Shuka ngazini sasa, pumzika kwa amani.