Historia ya Zadock Amugune Lihanda na Matembezi ya Rangi Sita ya Jebel Ali

Zadock Amugune Lihanda alifariki dunia Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025, saa nne na robo asubuhi, katika hospitali ya serikali mjini Dubai, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane. Alizikwa jana, Jumamosi tarehe 29, nyumbani kwao Mbale, kaunti ya Vihiga, nchini Kenya, ambako baba yake mdogo alisoma historia iliyoandikwa na familia, na historia hiyo ilieleza kwamba marehemu hakujaliwa kuoa, ikaishia hapo. Hii inayosomwa leo Jumapili, sebuleni kwa Bi Joha Badawi, Al Twar, mbele ya watu kumi na mmoja, imeandaliwa na dada yake Everlyn, na ndiye anayeisoma. Simu zote zimewekwa jikoni, kwa sababu sheria ya nchi hii inaadhibu baadhi ya mambo yatakayotajwa, na kwa sababu hiyohiyo wale ambao wangali kazini hawatatajwa kwa majina, wakiwemo walioketi hapa.

Zadock alizaliwa tarehe 3 Machi 1987, mtoto wa mwisho kati ya wanne wa marehemu Mzee Jotham Lihanda na marehemu Mama Rasoa. Alisoma shule ya msingi ya kijijini hadi mwaka 2001, akaendelea na sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 2005 akiwa na alama ya C, na mama yake aliifanyia alama hiyo sherehe ya kuku wawili. Mama Rasoa alifariki mwaka 2012 na kuzikwa nyuma ya nyumba, karibu na ua wa michai, na Zadock alisema tangu wakati huo kwamba yeye atalala upande wa kushoto, kwa hiyo pasipandwe kitu.

Kuhusu kazi, alikuwa mlinzi wa benki jijini Nairobi kuanzia mwaka 2008, na tarehe 6 Februari 2017 aliingia Dubai kwa kupitia wakala, akawekwa kwenye lango la maghala ya kampuni moja huko Jebel Ali, zamu ya saa kumi na mbili kwa siku, chini ya msimamizi wa walinzi, Bwana Duncan, Mkenya mwenzake kutoka Nakuru, ambaye pia ni mwenyekiti wa chama cha Wakenya wa eneo lile. Wenzake kazini wanamkumbuka kama mtu asiyechelewa zamu na asiyeweza kuimba, ingawa aliimba.

Sehemu ya ndoa, ambayo jana iliachwa, inaanzia kantini. Mwaka 2018 alifahamiana na Mubin, kijana wa Malindi aliyekuwa akigawa chakula, na wa kwanza kuzungumza alikuwa Mubin, aliyemwekea chapati mbili badala ya moja, na Zadock alipomrudishia ya pili akaambiwa, "Chukua, mlinzi. Hiyo moja ni ya kwako, hiyo nyingine ni ya lango." Mubin ameridhia jina lake lisomwe, kwa kuwa hayupo tena nchini.

Kampuni ile ina desturi ya kufanya matembezi ya afya kila Novemba, kilomita tatu, kutoka lango kuu, kufuata barabara ya makontena, hadi uwanja wa maegesho, na kila idara hupewa fulana ya rangi yake, wazimamoto nyekundu, madereva wa foklifti rangi ya chungwa, wafagizi manjano, watunza bustani kijani, walinzi buluu, watu wa kantini zambarau. Ijumaa tarehe 15 Novemba 2019 Zadock na Mubin walitembea bega kwa bega kilomita zote tatu, jambo ambalo hawakuweza kulifanya mahali pengine popote mjini bila kutazama nyuma. Walipofika mwisho, mtunza bustani mmoja kutoka Uganda aliwaangalia akasema, "Nyie mmeanzia mkiani. Buluu ipo, zambarau ipo, hizo nyingine nne mmeziacha wapi?" Zadock hakuelewa mpaka walipokuwa ndani ya basi, Mubin alipomweleza kwamba rangi sita zikipangwa hivyo ni bendera, na kwamba katika miji mingine watu wanaopendana kama wao huibeba kila mwaka barabarani, mchana, na polisi wakizuia magari wapite. Zadock alicheka mpaka kambini walikokuwa wakiishi wafanyakazi. Baadaye alimwambia dada yake kwamba akiulizwa tarehe ya ndoa yake aandike hiyo.

Mwaka 2020 hayakufanyika matembezi kwa sababu ya korona. Ijumaa tarehe 12 Novemba 2021 walitembea watu sita, mmoja kwa kila rangi, safu moja, kuanzia meza ya pili ya maji hadi kwenye mzunguko wa barabara, ambako mpiga picha wa kampuni alikuwa hajafika, kisha wakaachana kila mtu akarudi kwa idara yake. Kanuni walizokubaliana zilikuwa kwamba hapana bendera, hapana kelele, hapana picha, na hapana kuandikiana habari zake kwenye simu. Mwaka 2022 zilikuwa safu nne. Tarehe 11 Novemba 2023 zilikuwa safu tisa, watu hamsini na wanne, wengine si wa namna yao bali marafiki waliokubali kushika nafasi ya rangi iliyokosa mtu, na huo ndio mwaka ambao mpiga picha alibadilisha mahali pa kusimama, akawapiga wakiwa bado katika safu.

Picha ile iliwapendeza wakubwa. Machi 2024 ilichapishwa kwa ukubwa wa ukuta na kutundikwa juu ya lango kuu, safu ya mbele ikionekana vizuri, Zadock na Mubin wakiwa ukingoni kulia, na chini yake maneno "Rangi nyingi, nyumba moja." Kwa miezi minane Zadock alifanya zamu chini ya picha yake mwenyewe, akikagua vitambulisho vya watu walioingia, na hakuna aliyemtambua kwa sababu watu hawamtazami mlinzi usoni. Mubin alimtaka waombe kuhamishwa, naye alijibu kwamba hajawahi kuona picha nzuri ya ndoa yake, na hiyo imechapishwa bure.

Jumamosi tarehe 9 Novemba 2024 uongozi uliagiza kwamba wafanyakazi wote watembee kama kwenye picha, safu za watu sita, rangi kwa mpangilio uleule. Bwana Duncan alipewa filimbi na kazi ya kupanga, akapita katikati ya watu akisema, "Yalla, buluu hapa, zambarau hapa, msichanganye. Wewe wa kijani, unaenda wapi? Rudi kwa mstari." Walitembea zaidi ya watu mia nne, kutoka lango hadi maegesho, huku muziki ukipigwa kwa vipaza sauti, na kwa kadiri ambavyo walioshiriki wanafahamu hayo ndiyo maandamano makubwa ya aina yake yaliyowahi kufanyika katika jiji hili, ingawa wengi waliokuwemo hawakujua wamo. Zadock alikuja Al Twar jioni ile, akakaa kwenye kiti kile pale, akamwambia dada yake, "Nimetembea na watu mia nne, Eva. Na Duncan ndiye ametupanga." Ilikuwa mara ya mwisho dada yake kumwona akicheka namna ile.

Baada ya wiki tatu ofisi ya washirika wa kampuni iliyo Ulaya, ilipoziona picha kwenye mtandao, ilituma pongezi kwa ujasiri. Uongozi ukauliza ni ujasiri gani, ukaelezwa. Jumatano tarehe 4 Desemba Bwana Duncan aliitwa ofisini, akawekewa mezani picha ya mwaka 2023, akaulizwa nani alianzisha, naye akaweka kidole mara mbili. Mchana uleule picha ya langoni iliteremshwa. Zadock alikuwa zamu, hakuwa ameambiwa lolote, na ndiye aliyeamriwa kushika ngazi.

Siku iliyofuata yeye na Mubin waliachishwa kazi kwa sababu iliyotajwa kuwa ni kupunguza wafanyakazi. Mubin aliondoka tarehe 9 Januari 2025 kwa ndege ya Mombasa, na Zadock alipaswa kuondoka wiki ileile, ila picha ilikuwa imeshafika Mbale kabla yake, pamoja na maelezo yake, kupitia kikundi cha simu cha chama. Tarehe 11 Januari baba yake mdogo alipiga akasema, "Kaa huko huko. Hapa watu wana macho." Mubin naye alikuwa amepokelewa na kaka zake kwa masharti ya kutotembelewa na mtu. Basi Zadock akabaki, bila visa, akipanga chumba cha nyuma hapa kwa Bi Joha, akiosha magari ya majirani. Siku aliyokuja alitaka kumweleza Bi Joha sababu ya kufukuzwa kwake, na Bi Joha akamkatiza, "Mie sikuuliza, na wewe usinambie. Kula kwanza." Baada ya mwezi mmoja alimweleza hata hivyo, na Bi Joha akasema alikwishajua, na kwamba wali ulikuwa umepoa siku ile kwa ajili ya maneno ya bure.

Hakuacha mtoto wa kumzaa. Alimlea kwa simu Ivy, binti ya Everlyn, aliyeko kidato cha pili huko Mbale, kila Jumapili wakifanya hesabu pamoja, na Januari ile Ivy alipokatazwa kuzungumza naye aliendelea kumpigia kutoka kwa jirani.

Kuhusu ugonjwa, alipatikana na shinikizo la damu mwaka 2022, akawa anatibiwa kwa kadi ya bima ya kazini. Kadi ilikufa pamoja na visa. Alianza kukata vidonge nusu, kisha akawa anavimeza siku anazoumwa kichwa tu, na dada yake, anayefanya kazi za ndani mtaa wa tatu kutoka hapa, aligundua mwezi Oktoba.

Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025 alipanda metro ya mstari mwekundu hadi Jebel Ali, akasimama nje ya uzio kuyatazama matembezi ya mwaka huu. Aliporudi alimwambia dada yake, "Wamewavika nyeupe wote, Eva, hata wapishi. Watafua mpaka wachoke." Jumatatu tarehe 10 alianguka akiwa ameshika ndoo, upande wa kulia ukapooza, akapelekwa hospitali kwa gari la wagonjwa, na hakuzungumza tena. Siku ya nne alifariki. Madaktari walisema ni kiharusi.

Tarehe 16 Novemba baba mdogo alitoa masharti ya kumpokea, kwamba historia itaandikwa nyumbani, kwamba hakuna rafiki atakayesema neno, na kwamba jina la mtu fulani lisisikike. La sivyo azikwe huko huko. Everlyn ndiye aliyekuwa na haki ya kuweka saini, na alikuwa na mambo mawili ambayo kaka yake aliyataka maisha yake yote, kulala upande wa kushoto wa mama yake, na kutajwa pamoja na mtu wake, na aliruhusiwa kuchukua moja. Alimpigia Mubin. Mubin akasema, "Mpeleke kwa mama yake, shemeji. Mimi msiniandike." Hakuwahi kumwita shemeji kabla ya siku hiyo. Everlyn aliweka saini, na masharti yote yalitekelezwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliomhudumia kwa siku nne bila kumuuliza visa. Inamshukuru Bi Joha, aliyempa chumba, na aliyekataa kuitwa mwenye nyumba wake, na majirani wa Al Twar walioleta chakula. Inawashukuru wenzake wa Jebel Ali waliotembea naye, wa kila rangi. Inamshukuru Bwana Duncan, ambaye hakualikwa leo, aliyeshughulikia makaratasi ya kusafirisha mwili bila kuchoka, kwa ustadi uleule aliotumia kupanga safu, na ambaye alipoulizwa na Everlyn kuhusu ile picha ya mezani alijibu, "Niliulizwa, Eva. Ningesema nini? Na mimi nina visa."

Zadock, lala ulipopataka, hakuna atakayekuondoa.

Habari za maziko zimetolewa na Ivy na kuthibitishwa na Mubin mwenyewe. Mubin alisafiri kutoka Malindi usiku na mchana, akafika Mbale jana saa saba, akasimama nyuma, kando ya michai. Kabla ya kuteremshwa jeneza mzee mmoja alimfuata akamuuliza yeye ni nani kwa marehemu. Alisema walifanya kazi pamoja. Akapewa koleo kama wageni wengine, akafukia mpaka kaburi likajaa, saa tisa na dakika kumi, akarudisha koleo, akaondoka na gari la saa kumi.