Elkana Masha na Wimbo wa Kivuko

Shikamooni wazee, na ninyi nyote mliofika hapa Frere Town poleni, mimi ni Jerioth, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi hii ya kusoma.

Kaka yangu Elkana Masha alizaliwa Kisauni tarehe 14 Machi 1919, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akaajiriwa bandarini mwaka 1937, kisha Februari 1942 akaingia jeshini na kupelekwa Burma, ambako sajini mmoja Mskoti alimfundisha kupiga bagipaipu, zumari ya kwao yenye mfuko unaobanwa kwapani.

Novemba 1944 walipigana siku tatu kwenye kivuko cha mto, wakafa Waskoti wawili na askari wetu watano, na sajini akawatungia wote saba wimbo wa gwaride, lakini ulipochapishwa kitabuni yaliandikwa majina mawili tu, ya wale Waskoti.

Alimuoa Mwikali tarehe 6 Agosti 1949, wakajaliwa Dhahabu na Mumo.

Kila Novemba aliitwa uwanjani Changamwe, pamoja na bendi yake ya askari wa zamani, kuupiga wimbo huo siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, na kila mwaka aliomba majina yote saba yasomwe, akaambiwa ratiba imeshapangwa, basi tarehe 9 Novemba 1958, yaliposomwa yale mawili, aliupiga mara moja kama desturi, halafu akaurudia mara tano, na kwa kuwa haruhusiwi mtu kuketi wala kuvaa kofia wimbo ule ukipigwa, mabwana wakubwa walisimama vichwa wazi juani, mmoja mwekundu kama nyanya, na mimi niliyekuwepo nasema wazi kwamba nilifurahi. Alipoitwa ofisini kwa mkuu wa wilaya kujieleza alisema, "Bwana, hao watano hamkuwasoma, ndiyo maana nimewapigia."

Walimfuta kwenye bendi mwezi uliofuata, hakuomba msamaha, akawa anaupiga mlangoni kwake kila Novemba, hata baada ya daktari kumkataza mwaka 1961 kwa ajili ya kifua, na kifua hicho ndicho kilichomchukua tarehe 9 Oktoba 1963, zikiwa zimebaki siku sitini na nne tufikie Uhuru.

Juzi ofisi ileile imetuletea barua, ikiomba kwa heshima mambo ya majina yasiletwe makaburini. Tumeisoma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa bandarini, na Mzee Hamdun wa Likoni, mpiga zumari, aliyemkatia matete yanayoipa bagipaipu sauti yalipoadimika.

Sasa naomba tusimame, kofia mkononi, na wewe bwana uliyetumwa na ofisi pia. Kioko Mutisya. Faraj Hamisi. Babu Charo. Aqil Salim. Wafula Nyongesa. Na wale Waskoti, McRae na Lennox, maana Elkana hakuwahi kuwaruka.

Pumzika kwa amani, kaka. Wamesomwa wote.