Khairunisa Hamdun na Marhamu ya Ndalu

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Khairunisa Hamdun anastaafu baada ya kuitumikia taasisi yetu ya utafiti wa dawa hapa Kitale kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuja akiwa mfamasia kijana kutoka Bungoma mjini, ambako marehemu baba yake aliuza vitambaa karibu na msikiti. Anaondoka akiwa mkuu wa kitengo cha dawa za kupaka. Mhariri wa jarida hili ameniomba ukurasa wa kuchangamsha. Nitajaribu, ila safari ya Bi. Khairunisa ina sehemu isiyochangamsha hata kidogo, na mwenyewe amenikataza kuiruka.

Kazi yake ilikuwa kutafuta namna ya kuipitisha dawa kwenye ngozi. Ngozi imeumbwa kuzuia vitu, na dawa nyingi ya maumivu tunayojipaka huishia kwenye nguo. Bi. Khairunisa aliamini kwamba mafuta ya mimea ya huku kwetu, hasa mrehani wa mwituni unaonukia kama kafuri, yanaweza kuilegeza ngozi kwa muda ili dawa ifike kwenye goti au bega bila kupitia tumboni.

Chumba chake wengi wetu tulikikwepa. Wenzetu wa ng'ambo hutumia ngozi ya nguruwe. Yeye alisema hapana, akaagiza ngozi ya mbuzi kutoka kichinjioni. Vipande vyake vilitandazwa juu ya vikombe vidogo vya kioo vyenye maji yaliyopashwa joto la mwili wa mtu, na chini ya kila kipande kisumaku kilizunguka polepole kukoroga maji. Ukisimama pale peke yako uliona ngozi zikitetema kidogo, zote kwa pamoja, kana kwamba zina mapigo. Bi. Khairunisa aliingia kila asubuhi akizisalimia: "Hamjambo humu ndani?" Kizito wa stoo aliapa kwamba siku atakayosikia zikijibu ataacha kazi.

Marhamu yake ya kwanza iliwafikia watu mwaka 2016, kipindi cha mvua ndefu. Wakulima wenye maumivu ya viungo waliojitolea, wa Ndalu na Kachibora, walipewa mikebe ya kujipaka. Wiki za mwanzo zilikuwa za furaha tupu. Wazee waliokuwa wakijikokota walirudi shambani. Sokoni Ndalu ulisikia harufu ya mrehani kila ulipogeukia.

Kisha mratibu wetu wa nyanjani, Kipyegon, akapiga simu akisema kuna boma huko Ndalu ambako haelewi kinachoendelea. Bi. Khairunisa alinichukua twende naye.

Tulifika mchana, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye mahindi. Ng'ombe walikuwa wamefungwa zizini bila kukamuliwa, wakilia. Mbele ya nyumba, kwenye benchi, walikaa mzee Wepukhulu, mkewe Nasimiyu na kaka mkubwa wa mzee huyo. Wote watatu walikuwa wanatokwa na machozi. Hakuna aliyelia kwa kwikwi, hakuna aliyejifuta. Machozi yalishuka tu, na mate nayo, huku wakitutazama. Watoto wa boma walicheza uani kama kawaida.

Tulidhani tumeingia kwenye msiba. Bi. Khairunisa akaanza kutoa pole.

"Daktari, hakuna mtu amekufa," Nasimiyu alisema, ulimi ukiwa mzito. "Si unaona tunalia tu. Tangu asubuhi. Hata sina huzuni."

Kipyegon alinivuta kando. "Hii ni maneno ya kurogana ya watu wa hapa," akaninong'oneza. "Majirani wameacha kupita njia hii. Twende, tutarudi na mchungaji."

Bi. Khairunisa alikuwa ameshapiga magoti mbele ya Wepukhulu. Mbele ya nyumba ile palikuwa na kivuli, mawingu yamefunga, na mboni za macho zilipaswa kuwa pana. Za Wepukhulu zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akamwomba apumue. Mzee akapumua, na hata mimi niliyesimama hatua chache nyuma niliinusa harufu: mrehani mbichi kabisa, ikitoka kifuani mwa mtu aliyejipaka mikononi na magotini tu.

Nilimwona Bi. Khairunisa akiganda. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba pale ndipo alipoogopa kazi yake mwenyewe. Harufu ile ilikuwa ushahidi kwamba marhamu inapita, jambo alilolitafuta tangu ujana wake. Sasa alijiuliza ni nini kingine kilichopita nayo.

"Mzee, leo umeshika nini?" akauliza.

"Ng'ombe," Wepukhulu akajibu. "Tumewanyunyizia dawa ya kupe, sisi wote watatu. Kama siku zote."

Kama siku zote, kwa mikono mitupu. Miaka yote ngozi yao ilikuwa imeizuia sehemu kubwa ya sumu ile. Safari hii mikono ilikuwa imepakwa marhamu yetu.

Tuliwavua nguo za kazi, tukawaosha kwa sabuni na maji mengi, tukawapakia garini kwenda hospitalini. Njiani Wepukhulu alianza kushindwa kuvuta pumzi, na Nasimiyu alimshika mkono huku machozi yale yasiyo na huzuni yakiendelea kumtoka. Madaktari waliambiwa tangu mlangoni ni sumu gani, wakawapa dawa inayostahili, na wote watatu walipona. Kaka mtu alikaa wodini muda mrefu zaidi.

Jioni hiyo Bi. Khairunisa alimwomba mkurugenzi wetu wa wakati huo, Dkt. Nyambu, utafiti usimamishwe na mikebe yote irudishwe. Dkt. Nyambu, mtu mwangalifu na mwenye nia njema, alitaka kwanza vipimo vithibitishe.

"Majibu ya maabara yatakuja," Bi. Khairunisa alimwambia. "Sijui kama watu wataweza kuyangoja."

Dkt. Nyambu akatia saini.

Majibu yalikuja kweli. Bi. Khairunisa aliweka vipande viwili vya ngozi ya mbuzi, kimoja kilichopakwa marhamu siku iliyotangulia na kupanguswa, kingine kitupu, akadondoshea juu ya vyote viwili dawa ya kupe. Chini ya kile kitupu maji yalibaki karibu safi. Chini ya kile kingine sumu ilijaa. Nilikishika kipande hicho na kukiinua kwenye mwanga nikitafuta tundu. Hapakuwa na tundu, wala mkwaruzo. Kilikuwa ngozi nzima, laini, iliyosahau kazi yake.

Siku hizohizo, kila alipotoka maabara, alizunguka mwenyewe boma hadi boma kukusanya mikebe. Huko Kachibora, Bibi Cherop aliukumbatia wa kwake. "Hii imenitoa kwa kiti," alisema. "Ukienda nayo, unanirudisha pale pale." Bi. Khairunisa hakubishana naye. Alikaa chini, akamweleza yaliyotokea Ndalu bila kuficha kwamba dawa ni yake, na akaahidi kurudi na iliyo salama. Bibi alimpa mkebe huo akiwa amegeuza uso upande wa pili.

Kurudi kulichukua miaka mitatu. Dawa mpya ina mafuta kidogo sana ya mrehani na huiachia ngozi ijifunge upesi, na hapewi mtu yeyote anayeshika dawa za shamba kabla hajapewa glovu na kufundishwa. Bibi Cherop, akiwa bado kwenye kiti chake, aliinusa na kusema haina harufu, labda tumemletea maji. Wiki chache baadaye alionekana akienda kanisani kwa miguu. Leo dawa hiyo inatumika katika kliniki zetu za Kitale na Bungoma.

Jambo moja hatujaweza kulieleza. Mzee Wepukhulu hutuambia kwamba mvua ikianza kunyesha bado huhisi ladha ya mrehani ulimini. Damu yake imepimwa mara nyingi na haina kitu. Bi. Khairunisa hajawahi kumcheka. Humtembelea Ndalu kila mwaka, na mvua ikiwakuta pale, wawili hao hukaa pamoja mpaka ipite.

Bi. Khairunisa, sasa unahamia Bungoma kwa dada yako Nafisa, na chumba kile kinabaki mikononi mwetu. Tunakushukuru kwa vijana uliowalea kazini, kwa vicheko vya saa ya chai, na kwa kuwa uliisimamisha kazi ya maisha yako wakati ilipoonekana imefaulu. Kuna benchi huko Ndalu ambalo watu watatu bado hulikalia jioni, macho makavu, wakiangalia ng'ombe wakirudi. Mungu akujalie afya na siku nyingi za utulivu. Kwaheri, mwenzetu.