Jeraha Dogo la Elkanah

Karibu na mizani ya miwa pale Shianda palikuwa na benchi la mbao, na jioni watu waliketi hapo kunywa kahawa ya Zipporah na kumaliza hasira za siku. Trela zilipita mchana kutwa miaka hiyo, maana kiwanda kilikuwa hakilali. Elkanah, mkata miwa aliyefungwa bandeji mkono wa kulia, alipokea kikombe kwa mkono wa kushoto. Osundwa, kaka wa mkewe, aliyeitwa Mizani kwa sababu ya kazi yake ya kupima miwa, akamkaripia.

— Kushoto tena, shemeji? Huyo ni mama anakupa.

Elkanah akaomba radhi.

Kilichomchoma Mizani hasa ni kadi ya hospitali iliyokuwa mfukoni mwa shemeji yake. Siku nane nyuma, panga lilimchana Elkanah kiganja. Hospitalini, sista anayepanga nani aonwe kwanza alimuuliza kama ameumia sana. Elkanah akajibu wanavyojibu wakata miwa wote, hata wakivunjika mguu: kidogo tu. Sista akaandika “jeraha dogo”. Elkanah akangoja hadi saa kumi, akashonwa ngozi, akapewa mapumziko. Kesho msimamizi angeita majina. Asiyeweza kukata, nafasi yake ingepewa mtu mwingine.

— Pale wanasikizanga sauti, alisema Barnaba, aliyeitwa Daktari kwa kuwa aliwahi kupaka rangi milango ya wodi. Ukilia, unaingia. Huyu alikaa kama gunia.

— Wanapima damu, Mizani akafoka. Yake ilikaukia njiani. Hata miwa ikikauka kwa trela, uzito unapotea.

Barnaba akazidi kutia chumvi. Akaapa kuwa kiwanda kimeagiza mapanga ya mkono wa kushoto, na hospitali inawaandaa watu mapema. Hakuna aliyecheka. Mizani akagonga benchi, akasema sista huyo aletwe apandishwe yeye kwenye mizani.

Mwishoni mwa benchi aliketi Khalayi, muuza kuku, akingoja gari la Musanda. Akawageukia.

— Mguu wa ingokho, wa kuku, ukikatwa, mtoto akivuta ule uzi mweupe, vidole vinajikunja. Uzi ukikatika, havijikunji. Si mnajua?

Walijua. Wote waliuvuta utotoni.

— Sasa huyu, nani alimwambia ajaribu kukunja vidole?

Barnaba akaanza tena habari za sista.

— Siulizi sista. Nauliza nyinyi mnaokaa naye.

Elkanah akaweka kikombe chini, akauinua mkono wa kulia. Kidole gumba kikajikunja. Cha shahada kikaja. Vile vitatu, vinavyoshika mpini wa panga, vikabaki vimenyooka.

— Nilidhani ni bandeji, akasema polepole. Inauma kidogo tu.

Zipporah alisimama na birika mkononi. Mizani alikuwa akihesabu jioni alizomkaripia shemeji yake kwa ule mkono wa kushoto. Zilikuwa nane, na hakuna hata moja aliyomuuliza kwa nini.